Ely Culbertson: Bingwa wa karata aliyethibitisha kuwa akili hushinda bahati

ALASIRI ya Jumapili katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi haikamiliki bila karata. Iwe ni Kaloleni, Maringo, Jericho ama Shauri Moyo, hutakosa kuwaona wanaume wanne wameketi kivulini, kreti la soda lililopinduliwa likiwa ndiyo meza yao, huku wengine sita au saba wakisimama nyuma yao. Kila anayesimama ana la kusema kuhusu karata iliyochezwa na ile ambayo ingefaa kuchezwa. Mwenye makosa huzomewa hadi giza linapoingia.

Desturi hiyo ina historia yake. Nyingi kati ya nyumba za mwanzo katika sehemu hiyo ya jiji zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa kiume, ambao serikali ilitarajia kwamba wangerudi mashambani baada ya kazi yao kumalizika. Chumba kilitosha kitanda na jiko, wala hakikutosha wageni. Kwa hivyo mazungumzo, siasa na burudani vikahamia nje, chini ya miti na kwenye veranda, na karata zikapata makao huko.

Hata hivyo, karata hazijawahi kuwa na sifa njema miongoni mwa kina mama wa mitaa hiyo. Wengi huziona kuwa ni ndugu wa uvivu na jirani wa kamari. Hawana makosa kabisa. Kwa miaka mingi wasafiri wamekuwa wakipoteza nauli zao karibu na Gikomba na Muthurwa mikononi mwa matapeli wa pata potea, ule mchezo wa karata tatu ambapo mwenye meza huwa ameshashinda kabla ya mgeni kutoa pesa mfukoni.

Lakini je, karata ni bahati tu? Ama ni hila? Au ni elimu kama elimu nyingine, yenye kanuni, hesabu na nidhamu yake? Mtu aliyetumia maisha yake yote kulijibu swali hilo hadharani, na ambaye kwa muda wa miaka kumi hivi alikuwa mcheza karata maarufu kuliko wote duniani, alikuwa Ely Culbertson. Alifariki mwaka wa 1955. Maisha yake yanafaa kusimuliwa Eastlands kwa sababu yeye pia alijifunza karata akiwa hana kitu, na kwa sababu yale yaliyomshinda yalikuwa nje ya meza.

Mwana wa mataifa mawili

Culbertson alizaliwa Julai 22, 1891, nchini Romania. Babake, Almon Culbertson, alikuwa mhandisi wa migodi kutoka Marekani ambaye kazi ilimfikisha katika sehemu hizo za Ulaya. Mamake, Xenia, alikuwa Mrusi. Ingawa alikulia Urusi, mtoto huyo alihesabiwa kuwa raia wa Marekani tangu utotoni. Familia ilikuwa na utajiri uliotokana na mafuta, na kijana alitarajia kuurithi.

Alipelekwa katika vyuo vikuu vya Yale na Cornell nchini Marekani, lakini hakukaa sana katika chochote kati ya hivyo. Baadaye alisoma jijini Paris na Geneva. Alikuwa na kipawa cha lugha, kwani alizungumza Kirusi, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na nyinginezo kadhaa bila taabu. Kwa mujibu wa masimulizi aliyoyaandika mwenyewe baadaye, ujana wake ulijaa harakati za kimapinduzi zilizomtia gerezani, na ni humo kizuizini ambamo alijifunza kucheza karata kwa makini, akifundishwa na wafungwa wenzake.

Mwaka wa 1917 mapinduzi yalizuka Urusi na mali ya familia ikapotea yote. Aliyekuwa akingojea urithi alijikuta mikono mitupu. Akiwa Paris, alianza kujikimu kwa kitu kimoja alichokijua vyema, yaani karata. Mwaka wa 1921 alivuka bahari hadi New York, akiwa hana fedha na asiyejulikana na yeyote, akaendelea kuitafuta riziki yake katika vilabu vya wacheza karata.

Katika maisha hayo alilitambua jambo ambalo kila mzoefu wa meza ya mtaani anapaswa kulijua. Kwa usiku mmoja, bahati inaweza kumbeba mjinga akamshinda mjuzi. Lakini usiku mia moja ukipita, karata nzuri na mbaya huwa zimegawanyika karibu sawa kwa wote. Anayeondoka na faida baada ya muda huo si yule aliyepewa karata nzuri zaidi, bali ni yule aliyepoteza kidogo alipopewa mbaya.

Mwaka wa 1923 alimwoa Josephine Murphy Dillon, mwalimu wa briji aliyekuwa akiheshimika sana New York. Josephine alikuwa mtulivu pale ambapo mumewe alikuwa na pupa, na mwenye subira pale ambapo mumewe alipenda kushangaza watu. Walioketi nao mezani walimhesabu miongoni mwa wachezaji bora wa zama zake, wanaume kwa wanawake.

Ahadi kwanza, karata baadaye

Kwa wasiouelewa mchezo wenyewe, briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja akimtazama mwenziwe, sawasawa na wacheza turufu wa Jericho. Karata ni 52 na kila mchezaji hupewa 13. Katika kila duru wachezaji hutoa karata moja moja, na iliyo kubwa zaidi hula zote nne. Kwa hivyo, kuna duru 13 za kushindaniwa.

Aina za karata ni zile zile nne ambazo watu wa pwani wamezitaja kwa karne nyingi kuwa ni shupaza, kopa, uru na pau. Majina hayo, pamoja na neno turufu lenyewe, yalitoka katika lugha ya Wareno, ambao merikebu zao zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka wa 1498. Karata kubwa kuliko zote katika kila aina ni ree, ikifuatwa na mfalme, kisha malkia, kisha ghulamu, yaani ile yenye picha ya kijana.

Tofauti kubwa ni kwamba katika briji, kabla ya karata yoyote kutolewa, hufanyika mnada. Kila upande hutangaza ni duru ngapi utashinda na ni aina gani itakayokuwa turufu. Anayeshinda mnada huwa amefunga ahadi mbele ya mashahidi. Akitimiza, anapata alama. Akipungukiwa, alama huenda kwa wapinzani.

Mara tu mpinzani anapotoa karata ya kwanza, mwenzi wa mwenye ahadi huzilaza karata zake zote mezani zikionekana, kisha hukaa kimya hadi mwisho. Kutoka hapo mwenye ahadi huendesha mikono miwili peke yake, wake na ule ulio mezani. Anaziona karata 26. Nyingine 26 zimefichwa mikononi mwa wapinzani wawili, na kazi yake ni kuzijua bila kuziona.

Atazijuaje? Kwa yale waliyoyasema wakati wa mnada na yale waliyoyanyamazia. Kwa karata waliyoitoa na ile waliyokataa kuitoa. Mkono mmoja wa karata 13 unaweza kupangika kwa njia zaidi ya bilioni 635, lakini mjuzi hupunguza njia hizo duru baada ya duru hadi zikabaki mbili au tatu.

Mfumo huu wa ahadi ulipata umbo lake la sasa mwaka wa 1925, wakati tajiri wa Marekani Harold Vanderbilt alipobuni namna mpya ya kuhesabu alama akiwa safarini katika meli ya Finland, iliyopitia Mfereji wa Panama kuelekea Havana. Culbertson alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kung'amua kwamba mchezo huo mpya ungeufuta ule wa zamani, na kwamba mamilioni ya watu wangehitaji mtu wa kuwafundisha.

Mnamo Oktoba 1929 alianzisha jarida liitwalo The Bridge World. Ulikuwa ndio mwezi ule ule ambao soko la hisa la New York liliporomoka na kuitumbukiza dunia katika dhiki kuu ya kiuchumi. Wengi wangedhani kwamba amepata hasara. Kinyume chake, watu waliokosa pesa za kwendea starehe walibaki nyumbani, na pakiti moja ya karata iliwatosha watu wanne kwa mwaka mzima. Kitabu chake kuhusu briji, kilichotoka mwaka wa 1930, kiliuzwa kwa wingi ajabu, na aliyekuwa hohehahe miaka tisa tu kabla akawa tajiri.

Mkono uliogharimu maisha

Wiki chache kabla ya jarida hilo kutoka, tukio la kuhuzunisha lilikuwa limetokea katika mji wa Kansas City. Usiku wa Septemba 29, 1929, John Bennett na mkewe Myrtle walikuwa wakicheza briji nyumbani kwao dhidi ya majirani wao, Charles Hofman na mkewe. Bennett alifunga ahadi ya kushinda duru 10, turufu ikiwa shupaza. Mkewe akalaza karata mezani. Bennett akapungukiwa.

Mke alimlaumu mume kwa mchezo mbovu. Mume akampiga makofi mbele ya wageni, akatangaza kwamba anaondoka nyumbani. Kabla ya usiku huo kwisha, Myrtle alikuwa ameichukua bastola na John alikuwa ameuawa kwa risasi. Kesi ilisikizwa mwaka wa 1931, wakili wa mshtakiwa akiwa James Reed, aliyewahi kuwa seneta. Myrtle aliachiliwa huru.

Culbertson hakuiacha habari hiyo ipite. Magazeti yalipochapisha mpangilio wa karata uliosemekana kuwa ndio wa usiku huo, alizichambua moja baada ya nyingine. Wapo watafiti ambao wametilia shaka iwapo mpangilio huo ndio hasa uliokuwa mezani. Lakini uchambuzi wenyewe unabaki kuwa somo zuri la jinsi mwenye ahadi anavyopaswa kufikiri, na yeyote mwenye pakiti ya karata anaweza kuupanga na kuujaribu.

Bennett alikuwa na shupaza tano, zikiwemo mfalme na ghulamu. Mezani palikuwa na shupaza nne, zikiwemo ree na kumi. Malkia ya shupaza ilikuwa kwa wapinzani. Katika pau, Bennett alikuwa na mfalme na kumi tu, lakini mezani kulikuwa na tano: ree, tisa, nane, nne na mbili. Udhaifu wake ulikuwa katika kopa. Alikuwa nazo nne, na kubwa kati yake ilikuwa mfalme peke yake, huku meza ikikosa msaada wowote. Uru alikuwa nazo mbili ndogo, na mezani kulikuwa na moja.

Aliruhusiwa kupoteza duru tatu pekee. Moja ya uru ilikuwa imekwenda bila shaka. Za kopa zilielekea kuwa tatu au zaidi. Kwa hivyo ilimbidi atafute mahali pa kuzitupa kopa mbili, na mahali pekee palikuwa zile pau ndefu za mezani.

Hofman alianza kwa ree ya uru, akaila duru hiyo, kisha akatoa ghulamu ya pau. Culbertson alieleza kwamba hapa Bennett angeila kwa mfalme wa mkononi mwake, aitoe uru yake ya pili na kuikata kwa turufu ndogo ya mezani. Halafu angeicheza shupaza ndogo kutoka mezani hadi kwa mfalme wake, kisha aitoe ghulamu ya shupaza kama chambo. Hofman ndiye aliyetaja uru wakati wa mnada, kwa hivyo yeye ndiye aliyeonyesha kuwa na nguvu, na ilikuwa busara kumshuku kuwa ndiye mwenye malkia. Na kweli alikuwa nayo. Akiitoa ili kuizuia ghulamu, ree ya mezani inaimeza.

Sasa inafika hatua ambayo humtenga mjuzi na mchezaji wa kawaida. Hofman amebakiwa na turufu moja ndogo, saba. Wachezaji wengi, wa New York na wa Makongeni, wangekimbilia kuinyang'anya mara moja ili wawe salama. Lakini kufanya hivyo kungeitumia kumi ya shupaza iliyo mezani, na kumi hiyo ndiyo mlango wa pekee wa kurudi kwenye mkono wa mwenziwe. Mlango ukishatumika mapema, mali yote iliyo ndani haifikiki tena.

Kwa hivyo anaiacha ile saba ikae. Anacheza ree ya pau, kisha tisa ya pau. Bi Hofman akiitoa malkia yake, Bennett anaikata kwa nane ya turufu, ambayo saba ya Hofman haiwezi kuishinda. Ndipo sasa anapovuka hadi kumi ya mezani, ambayo inaifagia ile saba kwa wakati huo huo. Nane na nne za pau zilizobaki mezani hazina tena wa kuzipinga. Juu yake anazitupa kopa zake mbili, moja baada ya nyingine. Amepoteza ree ya uru na kopa mbili. Ni duru tatu kamili, na ahadi imetimia.

Hakuna bahati katika hesabu hiyo isipokuwa pale alipokisia aliko malkia, na hata kisio hilo lilikuwa na msingi. Kilichobaki ni mpangilio wa nini kitangulie na nini kisubiri. Karata zile zile, mikononi mwa mwenye pupa, huvunja ahadi. Mikononi mwa mwenye subira, huitimiza.

Vita vya karne

Umaarufu wa Culbertson uliwaudhi mabingwa wa zamani. Mnamo Septemba 1930 aliongoza timu yake hadi London, akiwa na Josephine, Theodore Lightner na Waldemar von Zedtwitz, wakaishinda timu ya Luteni Kanali Walter Buller katika mashindano ya mikono 200. Mwaka uliofuata, wataalamu kadhaa wa Marekani waliungana kuupinga mfumo wake wa mnada. Aliyejitokeza kupambana naye alikuwa Sidney Lenz, mchezaji mashuhuri aliyekuwa na umri wa miaka 58.

Mashindano yao yalianza Desemba 7, 1931, katika hoteli moja jijini New York na kumalizikia katika hoteli ya Waldorf-Astoria Januari 8, 1932. Magazeti yaliyaita vita vya karne. Waandishi walituma habari kila usiku, na watu ambao hawakuwahi kushika karata walifuatilia alama kama vile mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards wanavyofuatilia mabao.

Lenz alianza kwa kuongoza. Mwenziwe alikuwa kijana Oswald Jacoby, mwenye kipaji kikubwa. Lakini kadiri siku zilivyosonga, wawili hao walianza kulaumiana, na baada ya raundi 103 kati ya 150 Jacoby aliinuka na kujiuzulu. Nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Upande wa pili wa meza, Culbertson aliwabadilisha wenzi wake mara kwa mara, lakini nguzo ilikuwa Josephine, aliyecheza sehemu kubwa ya raundi hizo bila kupandisha sauti. Culbertson alishinda kwa alama 8,980.

Mwaka wa 1935, mume na mke hao walishindana na wanandoa wengine, Hal Sims na Dorothy Sims, katika raundi nyingine 150, wakawashinda kwa alama 16,130. Kufikia wakati huo jina la Culbertson lilikuwa kwenye vitabu, magazeti, redio na hata kwenye pakiti za karata za plastiki zilizotengenezwa na kampuni aliyoianzisha.

Mlango uliofungwa

Baada ya kupanda ngazi kuna kushuka. Mnamo Juni 1937, timu yake ilikwenda Budapest kuwania ubingwa wa dunia. Josephine alikuwa ndani ya timu hiyo, pamoja na Helen Sobel, mwanamke mwingine aliyekuja kuhesabiwa miongoni mwa wachezaji hodari zaidi wa karne. Walifika fainali, lakini wakashindwa na Austria. Yalikuwa ndiyo mashindano makubwa ya mwisho kwa Culbertson.

Mwaka uliofuata, 1938, ndoa yake na Josephine ilivunjika. Wale waliokuwa wamewafundisha mamilioni ya wanandoa jinsi ya kuelewana mezani walishindwa kuelewana nyumbani. Waliendelea kushirikiana katika biashara ya briji, lakini hawakurudiana.

Ni vigumu kutoliona funzo hapa. Mtu huyo alijua kuliko yeyote kwamba nusu ya nguvu za mchezaji imo katika mkono wa mwenzi anayekaa kimya, na kwamba njia ya kuufikia mkono huo ni lazima ihifadhiwe kwa gharama yoyote. Aliweza kuiandika kanuni hiyo kwa lugha ambayo mwanafunzi yeyote aliielewa. Lakini fahari, safari na mapenzi yake ya kuonekana vilimtawala, na mlango wa nyumbani kwake ukafungwa.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Culbertson aliziweka karata kando. Alitoa masimulizi ya maisha yake mwaka wa 1940, kisha akageukia swali kubwa kuliko yote aliyowahi kuyashughulikia, yaani jinsi ya kuzuia vita vingine. Alipendekeza shirikisho la mataifa lenye jeshi la pamoja, kila taifa likichangia kwa kiwango kilichowekewa mpaka ili lisitokee moja la kuyatawala mengine. Mwaka wa 1943 alichapisha kitabu kuhusu mpango huo. Alitumia mali na muda mwingi kuwashawishi wanasiasa. Umoja wa Mataifa ulipoundwa mwaka wa 1945, haukufuata ramani yake.

Wengi walimwona kuwa mcheza karata aliyejiingiza katika mambo yasiyomhusu. Hata hivyo, kwa mtu ambaye mapinduzi yalimnyang'anya kila kitu akiwa na umri wa miaka 26, kiu hiyo ya amani haikuwa jambo la ajabu. Alifariki Desemba 27, 1955, huko Brattleboro katika jimbo la Vermont, akiwa na umri wa miaka 64. Josephine alimfuata miezi mitatu baadaye, mnamo Machi 1956.

Funzo kwa wa Eastlands

Leo mfumo wa mnada aliouasisi umebadilishwa sana, na wachezaji wa siku hizi hutumia mbinu ambazo hakuwahi kuziona. Lakini njia ya kufikiri aliyoieneza haijazeeka. Hesabu zako kabla hujatoa karata ya kwanza. Uliza wapinzani wamesema nini na wamenyamazia nini. Kubali kupoteza duru ambayo lazima ipotee, tena mapema. Na usiuchome mlango wa mwenzio kwa hofu ya turufu ndogo ya adui.

Funzo hilo lina uzito wa pekee katika mitaa ya Eastlands, ambako kamari imehama kutoka kwenye kona za pata potea na kuingia ndani ya simu za vijana. Anayeweka dau kwenye simu hana karata yoyote ya kupanga. Uamuzi wake huisha pale anapobonyeza kitufe, na kampuni imekwisha kuhesabu faida yake. Hiyo ni bahati tupu, na kwa muda mrefu bahati tupu humwacha mchezaji maskini.

Wale wanne walioketi chini ya mti Kaloleni wako katika mchezo tofauti kabisa, hata kama wao wenyewe hawajautambua. Kila mmoja ana karata 13, mwenzi mmoja, na nafasi ya kufikiri. Hawakuchagua walichogawiwa, kama vile ambavyo wazee wao hawakuchagua vyumba vidogo walivyopewa na mkoloni. Lakini mpangilio wa kuzicheza uko mikononi mwao.

Kwa hivyo Jumapili ijayo, kelele zitakapopanda na mmoja akazomewa kwa kuwahi kuzimaliza turufu zake, wazee wamfundishe kijana huyo badala ya kumcheka. Na mchezo ukiisha, kila mmoja akumbuke kurudi nyumbani mapema, kwani mwenzi aliyeko huko naye ana karata alizozilaza mezani akingoja.